Waya

Njia ya Kasumbalesa imempasulia Chansa tangi la dizeli,
ufa wa urefu wa kiganja, chini, pale mkanda unapokwaruza.
Amelileta Kampemba kwa mkokoteni.
Limeoshwa kwa maji moto na sabuni mara tatu,
likanuswa, likaoshwa ya nne,
kwa sababu sote hapa tunamkumbuka aliyeosha mara mbili.

Mimi ni mtu wa fimbo. Miaka thelathini na mmoja
nimechoma kwa elektrodi: mageti ya Katuba, vitanda,
misalaba ya makaburi kwa mkopo usiolipwa.
Usiku macho yangu yana mchanga
ambao hakuna mto ulioleta.
Numbi, binti wa dada yangu, ana mashine ya leza
inayonguruma polepole kama friji,
na mwale wake hauonekani. Hilo ndilo lililonikera.
Moto usioonekana una adabu gani?
“Vaa miwani, Mjomba,” akasema.
“Wewe huuoni. Wenyewe unakuona.”

Kwanza akachoma kipande cha taka, bila waya.
Alumini ni kioo: inaurudisha mwale mlangoni
kama mdai aliyeambiwa mwenye nyumba hayupo,
mpaka ghafla mlango unakubali
na mwale unazama, unachimba kishimo
chembamba kuliko sindano ya gunia.
Kishimo kinatembea, kuta zake zinachemka,
nyuma yake dimbwi linajifunga lenyewe.
Mshono mzuri, nikakiri. Tukauacha upoe.
Tik.
Ufa mpya, katikati ya mshono, kama unywele.

“Ikipoa inasinyaa,” Numbi akasema,
“na pale panapoganda mwisho hapabaki tone la kunywa.
Tena tazama tangi la Chansa: kingo hazigusani.
Mwale utapita katikati, mgeni aliyekosea mtaa,
ukaunguze ukuta wa pili.”

Wahenga walituhimiza tuzibe ufa.
Hawakutuambia kwa kitu gani.

Akavuta waya kwenye spuli: milimita moja na kidogo,
alumini iliyochanganywa silikoni, sehemu tano katika mia.
Waya haushuki kutoka juu kwa kiburi.
Unakuja mbele ya mwale, umeinama karibu na bamba,
unaonja mdomo wa dimbwi, unayeyukia hapo hapo.
Ukiharakishwa, unagonga chini na kuusukuma mkono;
ukicheleweshwa, unadondoka matone matone
kama jasho la shahidi wa uongo.
Argoni inapuliza juu ya yote, kuifukuza hewa,
na ile silikoni, ambayo bamba halikuwa nayo ya kutosha,
inabaki majimaji hadi mwisho,
inakwenda kujaza pale palipokuwa na kiu.

Nikaelewa jambo, nikanyamaza nalo.
Fimbo yangu ilikuwa moto na chakula kwa pamoja:
iliwaka, ikalisha, ikajimaliza mkononi.
Hapa wamegawana. Mmoja anachoma. Mwingine analisha.

Umeme ukakatika vidole viwili kabla ya mwisho.
Chansa akatukana kwa lugha tatu.
Numbi hakutukana; alisaga shimo lililobaki
mpaka likaonekana bamba safi,
akakaa juu ya ndoo, akala bukari baridi,
hadi friji yake iliponguruma tena.

Kisha jaribio langu la zamani, maana hilo halijazeeka:
chokaa nje ya mshono, mafuta ya taa ndani, na subira.
Kule juu ya mapaa mlima mweusi wa taka za shaba
ulikuwa unameza jua bila haraka.
Doa likitokea kwenye chokaa, tunaanza upya.
“Unaona nini, Mjomba?”
Sikuona kitu. Siku hizi huwa sioni kitu jioni.
Nikapitisha kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho,
juu ya magamba madogo yaliyolaliana.
Kikavu.

Chansa tayari alikuwa anaomba apunguziwe.
Mimi sikuuliza bei ya mashine.
Niliuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani,
huo waya unauzwa kwa kilo, au kwa spuli.